Nguvu ya mrushaji akishika rungu: jinsi ya kuilinganisha na wastani wa ligi

Maswali kuhusu warushaji wa besiboli, wale wanaomrushia mpigaji mpira, pale wanaposhika rungu wenyewe ni yale yale kila msimu. "Carlos Zambrano ana homurani 24, huyo si mpigaji kamili?" "Warren Spahn na Earl Wilson wote wana 35, mkali nani?" "Mbona nikigawanya mimi napata namba isiyofanana na ya tovuti?" Kuyajibu moja moja kunachosha, na kila jibu fupi linazaa swali jipya. Basi hapa nimeweka kazi nzima, hatua kwa hatua, kwa anayeanza kabisa. Ukijua kujumlisha, kuzidisha na kugawanya, inakutosha.

Nadharia ni hii tu. Wastani wa kupiga, ule wa .238 au .280, unahesabu hiti zote, yaani mapigo yanayomfikisha mpigaji kwenye besi, sawasawa. Hiti ya besi moja iliyopenya kwa bahati kati ya walinzi wawili ina thamani ileile ya homurani, mpira uliovuka ukuta. Kwa hiyo wastani huo hauonyeshi nguvu. Kinachoonyesha nguvu ni besi za ziada, yaani zile ambazo mpigaji amezipata zaidi ya ya kwanza. Kipimo chake kwenye majedwali kinaandikwa ISO, nami hapa nitakiita nguvu tupu.

Neno kwa mnaotoka kwenye kriketi, hasa ndugu zetu wa Nairobi na Mombasa: mnajua kwamba mrusha mpira akija kupiga mwishoni hatarajiwi mengi. Kwenye besiboli hali ni mbaya zaidi. Mwaka 2021, msimu wa mwisho wa warushaji kupiga katika Ligi ya Taifa (moja ya ligi mbili kuu za Marekani, nyingine ni Ligi ya Amerika), wastani wao kwa pamoja ulikuwa karibu .110 tu. Ndiyo maana yule mmoja anayepiga kwa nguvu anazua mjadala, na ndiyo maana mjadala huo unahitaji hesabu.

Kabla hujaanza

Andaa vitu hivi:

- Jedwali la upigaji la mrushaji wako, msimu kwa msimu. Baseball-Reference na FanGraphs wanayo bure. Ukurasa wa mrushaji huanza na urushaji wake, kwa hiyo shuka chini mpaka uone la upigaji. Wengi huishia juu na kunakili homurani alizofungwa badala ya alizopiga.
- Jedwali la wastani wa ligi kwa kila mwaka aliocheza.
- Mstari wa warushaji peke yao kwa miaka hiyohiyo. Kwenye Baseball-Reference uko katika migawanyo ya msimu, sehemu ya nafasi za uwanjani, umeandikwa "as P".
- Lahajedwali, iwe Excel au Google Sheets. Kikokotoo cha simu na karatasi vinafaa pia kama mchezaji ni mmoja.

Zijue na herufi za safu. AB ni zamu rasmi za kupiga. H ni hiti zote. 2B, 3B na HR ni hiti za besi mbili, za besi tatu, na homurani. SLG ni besi zote alizopiga kugawanya kwa zamu rasmi. Namba kama .150 ni 0.150, Wamarekani wameacha sifuri ya mbele, nami nitafuata desturi yao.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: Carlos Zambrano, Mvenezuela aliyerusha Chicago Cubs kuanzia 2001 hadi 2011 na kumalizia Miami Marlins 2012. Jumla yake ni hii: AB 693, H 165, 2B 26, 3B 3, HR 24. Iandike pembeni.

Hatua

1. Hakikisha mtu wako alikuwa anapiga kweli, na kwa zama zipi.

Hapa ndipo wanaoanza hujikwaa kabla hata ya hesabu. Ligi ya Amerika ilileta mpigaji mteule mwaka 1973, yule anayepiga badala ya mrushaji. Tangu hapo mrushaji wa ligi hiyo karibu hakushika rungu kabisa katika msimu wa kawaida, isipokuwa kuanzia 1997, ligi mbili zilipoanza kukutana ndani ya msimu na akalazimika kupiga kwenye viwanja vya wenzao. Ligi ya Taifa ilishikilia desturi ya zamani hadi 2021, ukiacha msimu mfupi wa 2020, na kuanzia 2022 mpigaji mteule yuko kote. Kwa hiyo mrushaji wa Ligi ya Amerika wa miaka ya 1980 hana kitu cha kulinganisha. Mwache.

Jihadhari na watu wa aina nyingine. Babe Ruth alianza kama mrushaji wa Boston, lakini sehemu kubwa kabisa ya homurani zake 714 alizipiga akiwa mlinzi wa eneo la nje la uwanja. Rick Ankiel alipoteza urushaji wake, akarudi kama mlinzi wa eneo hilohilo. Shohei Ohtani anapiga karibu kila siku. Ukichukua jumla ya mmoja wao na kuiita "ya mrushaji", umeharibu kazi kabla hujaanza.

2. Nakili msimu kwa msimu. Jumla peke yake haitoshi.

Weka mwaka, ligi, AB, H, 2B, 3B, HR, kila kimoja kwenye safu yake. Utahitaji AB ya kila mwaka katika hatua ya 6, kwa hiyo usifanye uvivu hapa.

Onyo: mchezaji aliyehama timu katikati ya msimu ana mistari mitatu kwa mwaka huo, yaani timu ya kwanza, timu ya pili na jumla. Ukiinakili yote mitatu umemhesabu mara mbili. Wes Ferrell ana mitego hiyo miwili mfululizo: 1937 alitoka Boston kwenda Washington, na 1938 akatoka Washington kwenda New York. Kwake ligi ilikuwa ileile, kwa hiyo chukua mstari wa jumla tu. Ikiwa alivuka ligi, fanya kinyume: chukua mistari ya timu, uache jumla.

3. Tafuta nguvu tupu.

Njia ya mkato ni hii:

nguvu tupu = (2B + 2 × 3B + 3 × HR) ÷ AB

Hiti ya besi mbili ina besi moja ya ziada, ya besi tatu ina mbili, homurani ina tatu. Kwa Zambrano:

26 + (2 × 3) + (3 × 24) = 26 + 6 + 72 = 104

104 ÷ 693 = .150

Kama jedwali limeshakupa SLG na wastani wa kupiga, toa tu: .388 − .238 = .150. Zikikubaliana, umenakili sawa. Mimi hufanya zote mbili, kwa sababu namba moja iliyoruka mstari hugunduliwa hapo hapo.

4. Tafuta zamu kwa kila homurani.

AB ÷ HR. Zambrano: 693 ÷ 24 = 28.9. Yaani homurani moja kila zamu rasmi 29 hivi.

Hili ndilo jibu la lile swali la Spahn na Wilson. Wote wana homurani 35 maishani. Lakini Spahn, aliyerusha hadi 1965 na kupiga angalau homurani moja kila msimu kwa misimu 17 mfululizo, alikuwa na zamu rasmi 1,872. Wilson alikuwa nazo 740 tu. Gawanya: Spahn anapata 53.5, Wilson 21.1. Idadi moja, nguvu mbili tofauti kabisa. Spahn alidumu, Wilson alipiga. Ukitaka nguvu tupu zao, Spahn ana .093 na Wilson .174. Anayekuletea orodha ya "warushaji wenye homurani nyingi" bila safu ya AB amekuletea orodha ya waliocheza muda mrefu, pamoja na wachache wenye nguvu waliojipenyeza humo.

Tumia AB hapa, usitumie zamu zote. Mrushaji huagizwa mara kwa mara kupiga banti ya kafara, yaani kuugusa mpira taratibu na kukubali kutolewa, ili mwenzake asogee besi, na banti hiyo haihesabiwi kuwa zamu rasmi. Ukigawanya kwa zamu zote unamwadhibu kwa kutii kocha.

5. Chukua wastani wa ligi, ligi yake na mwaka wake.

Usichukue wastani wa leo. Usichukue wa ligi zote mbili kama alicheza moja. Ligi ya Taifa mwaka 2006 ilipiga .265 na SLG ya .427, kwa hiyo nguvu tupu ya ligi ilikuwa .162. Mwaka 2008 ilikuwa .260 na .413, yaani .153. Fanya hivyo kwa kila mwaka na uweke kwenye safu mpya.

Kwa nini mwaka una uzito hivyo? Tazama 1968, msimu ambao warushaji walitawala mpaka Carl Yastrzemski akawa bingwa wa kupiga wa Ligi ya Amerika kwa .301 tu. Ligi nzima ilipiga .230 na SLG ya .339: nguvu tupu .109. Mwaka uliofuata wakuu wa besiboli walishusha kichuguu cha mrushaji, kile kilima anachosimama akirusha, kutoka inchi 15 hadi 10, takriban sentimita 38 hadi 25, ili wapigaji wapumue. Katika ukame huo wa 1968 Earl Wilson alipiga homurani 7. Homurani 7 za mrushaji mwaka 2000, mipira ikiruka kila upande, zingekuwa habari nzuri. Za 1968 ni jambo jingine.

6. Pima wastani wa ligi kwa uzito wa zamu zake.

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye faida kubwa. Usijumlishe wastani wa miaka yote na kugawanya kwa idadi ya miaka. Mwaka aliopiga mara 83 hauwezi kuwa sawa na mwaka aliopiga mara chache mno.

Zidisha nguvu tupu ya ligi ya kila mwaka kwa AB zake za mwaka huo, jumlisha yote, kisha gawanya kwa jumla ya AB zake. Kwa misimu miwili tu ya Zambrano, 2006 akiwa na AB 73 na 2008 akiwa na 83:

(73 × .162) + (83 × .153) = 11.826 + 12.699 = 24.525

24.525 ÷ 156 = .157

Kwenye lahajedwali tumia SUMPRODUCT, safu ya AB kwa safu ya ligi, ugawanye kwa jumla ya AB. Ukimaliza misimu yake yote utapata karibu .153.

Kwa Zambrano tofauti kati ya njia hii na ya kubabaisha ni ndogo, kwa sababu ligi haikubadilika sana enzi zake. Kwa Ferrell ni hatari. Alianza na mchezo mmoja tu mwaka 1927, na mwishoni, 1940 na 1941, alionekana kidogo mno, tena katika Ligi ya Taifa. Ukiupa kila mmoja wa miaka hiyo uzito wa 1931, msimu aliopiga zamu rasmi 116 na homurani 9, umempima kwa miaka ambayo hakuwapo.

7. Tengeneza kiashiria.

Kiashiria = 100 × nguvu tupu yake ÷ nguvu tupu ya ligi.

100 ni sawa na wastani wa ligi. Zambrano: 100 × .150 ÷ .153 = 98.

Simama hapo kidogo uitazame. Mrushaji, mtu anayelipwa kurusha, alikuwa na nguvu ya mpigaji wa kawaida wa ligi kuu. Kwa homurani pekee alipita: ligi kuu kwa enzi zake ilihitaji kati ya zamu 30 na 37 kupata homurani moja, yeye 29. Homurani 6 za 2006 hazikuwa za bahati.

Sasa mlete Ferrell. AB 1,176, H 329, 2B 57, 3B 12, HR 38. Besi za ziada: 57 + 24 + 114 = 195. Nguvu tupu: .166. Ukiziweka .166 na .150 pamoja, utasema watu hawa wanakaribiana. Lakini ligi ya Ferrell katika miaka ya 1930 ilikuwa na nguvu tupu ya karibu .125, kwa hiyo kiashiria chake kinazunguka 130 na kitu. Mwaka 1931 peke yake alipiga .319 na SLG ya .621, nguvu tupu .302, wakati Ligi ya Amerika ilikuwa karibu .118. Zaidi ya mara mbili na nusu! Kaka yake Rick, mdakaji aliyeingia Ukumbi wa Umaarufu, alipiga homurani 28 katika zamu 6,028. Wes ana 38 kwa chini ya robo ya zamu hizo.

Spahn kwa njia hiyohiyo anabaki na theluthi mbili hivi ya wastani wa ligi yake. Kwa mrushaji, bado ni sifa.

8. Weka kipimo cha pili: warushaji wenzake.

Swali "alikuwa mzuri?" lina majibu mawili, na watu hugombana kwa sababu kila mmoja anajibu lake. Kipimo cha kwanza ni wapigaji wote. Cha pili ni warushaji pekee. Nguvu tupu ya warushaji kwa pamoja enzi za Zambrano haikufika .050. Yeye .150, yaani zaidi ya mara tatu.

Onyo: ukigawanya kwa namba ndogo, kiashiria hupaa. Kiashiria cha 300 dhidi ya warushaji hakimaanishi umepata mpigaji wa ajabu, bali wenzake walikuwa hoi. Hivyo kwenye kipimo hiki andika tofauti pia, mfano ".150 dhidi ya chini ya .050", msomaji aone mwenyewe.

9. Uliza kama zamu zinatosha.

Fanya jaribio hili rahisi: homurani moja ingebadilisha nini? Gawanya 3 kwa AB. Katika msimu wa zamu 83, zamu moja aliyotolewa ikigeuka homurani, nguvu tupu inapanda kwa .036. Katika zamu 693 inapanda kwa .004 tu. Ndiyo maana Zambrano wa 2006 alipiga .151 na Zambrano wa 2008 akapiga .337 na SLG ya .554. Mtu yuleyule, rungu lilelile. Msimu mmoja wa mrushaji ni uvumi.

Mimi siandiki kiashiria cha mrushaji mwenye chini ya zamu 300, na hata hapo natahadharisha. Bartolo Colón yuko mpakani: zamu 299, hiti 25, hiti nne za besi mbili na homurani moja, ile ya Mei 7, 2016 pale San Diego akiwa na miaka 42, kofia ikimcheza kichwani. Nguvu tupu yake ni 7 ÷ 299 = .023. Iondoe siku ile moja, inabaki .013. Sitaki kuiondoa, na hakuna mpenzi wa besiboli atakayetaka, lakini ujue kwamba karibu nusu ya "nguvu" yake ni mpira mmoja.

10. Angalia uwanja, japo kwa jicho tu.

Kusahihisha uwanja kwa hesabu ni kazi ya mwongozo mwingine. Kwa sasa jiulize tu alikuwa anapigia wapi. Mike Hampton alipiga homurani 7 mwaka 2001 akiwa na Colorado Rockies. Uwanja wao uko Denver, takriban mita 1,600 juu ya bahari, chini kidogo ya Nairobi, na hewa nyepesi huuachia mpira uende mbali. Ukiandika habari za Hampton bila kutaja Denver, msomaji mmoja atakukumbusha, na atakuwa sahihi.

11. Andika matokeo kwa sentensi moja yenye kila kitu.

Mfano: "Carlos Zambrano, 2001–2012, zamu rasmi 693, nguvu tupu .150 dhidi ya .153 ya Ligi ya Taifa, kiashiria 98, zaidi ya mara tatu ya warushaji wenzake, bila kusahihisha uwanja." Mtu akitaka kubisha, abishe namba.

Usiongeze neno "mpigaji bora" kutokana na kiashiria hiki. Zambrano alipata besi za bure, zile mpigaji anazopewa mrushaji akirusha vibaya, 10 tu katika kazi yake yote na alifika besi kwa .248, wakati ligi ilikuwa ikizunguka .330. Nguvu alikuwa nayo. Subira hakuwa nayo hata chembe.

Ikikwama

*Nguvu tupu imezidi .400.* Huenda umegawanya kwa hiti badala ya AB. Rudi hatua ya 3.

*Nimepata .151, tovuti inasema .150.* Umetoa namba mbili zilizokwisha kukadiriwa. Hesabu kwa besi zenyewe, tofauti itaondoka. Kwa ligi nzima, .001 usiihangaikie.

*OPS+ ya tovuti, kile kipimo cha upigaji kwa jumla, inamshusha sana kuliko kiashiria changu.* Inapaswa. OPS+ inahesabu pia kufika besi, inasahihisha uwanja, na wastani wake wa ligi umewatoa warushaji. Wa kwako umewaacha ndani. Ukitaka kuwatoa, toa AB na besi za ziada za mstari wa warushaji kutoka kwenye jumla ya ligi, kisha gawanya upya. Katika Ligi ya Taifa ya enzi za Zambrano warushaji walikuwa takriban asilimia 6 ya zamu rasmi, kwa hiyo .153 inapanda hadi karibu .160 na kiashiria chake kinashuka hadi 94 hivi. Namba zote mbili ni halali, mradi useme umetumia ipi.

*Homurani za Ferrell: wengine wanasema 37, wengine 38.* Zote ni kweli. Moja aliipiga akiwa mpigaji wa akiba, si mrushaji. Bob Lemon naye ana 37 kwa jumla na 35 kama mrushaji. Chagua moja na uitumie kwa kila mchezaji unayemlinganisha.

*Alihama ligi katikati ya mwaka.* Earl Wilson alitoka Detroit kwenda San Diego mwaka 1970, kutoka Ligi ya Amerika hadi ya Taifa. Mpe mistari miwili kwa mwaka huo, kila mmoja na AB zake na ligi yake. SUMPRODUCT haitajali.

*Namfuatilia mrushaji wa Ligi za Watu Weusi, kama Bullet Rogan wa Kansas City Monarchs.* Tangu 2024 takwimu za ligi hizo za 1920 hadi 1948 zimeingizwa kwenye kumbukumbu rasmi za ligi kuu, kwa hiyo unaweza. Lakini misimu yao ilikuwa mifupi na michezo mingine haikupatikana kwenye kumbukumbu, hivyo chukua wastani wa ligi yake halisi ya mwaka ule. Rogan pia alicheza nafasi nyingine nyingi, kwa hiyo onyo la hatua ya 1 linamhusu.

*Lahajedwali linaleta kosa, au linaandika namba upande wa kushoto wa seli kama maandishi.* Hili huwapata sana wasomaji wa Kongo na Burundi ambao kompyuta zao zimewekwa kwa Kifaransa. Kompyuta inasubiri mkato, wewe umebandika nukta, kwa hiyo .162 haioni kuwa namba. Tumia tafuta-na-badilisha kugeuza nukta kuwa mkato kwenye safu hizo tu, au badilisha mpangilio wa nchi ndani ya faili. Kumbuka pia kwamba kwenye Excel ya Kifaransa SUMPRODUCT inaitwa SOMMEPROD, na safu hutenganishwa kwa nukta-mkato badala ya mkato.